Kabla ya kumpeleka mtoto mwenye kifafa kwenye uchunguzi wa upasuaji

Mzazi akisikia "upasuaji wa ubongo" moyo unampasuka kabla hajauliza swali. Basi aelezwe mapema, hapa hapa Tabora: rufaa hii ni ya uchunguzi. Madaktari wanatafuta kama kifafa kinaanzia sehemu moja ya ubongo, na kama sehemu hiyo inaweza kuondolewa bila kumnyima mtoto kusema, kuona au kutumia mkono. Wengine watarudi na dawa tu.

Kifafa kikishindikana kwa dawa mbili zinazofaa, kwa dozi kamili, hicho ni sugu, na takriban theluthi moja ya wagonjwa wako hapo. Andika rufaa. Usingoje dawa ya nne, maana ubongo wa mtoto bado una uwezo wa kuhamisha kazi zake, na kila mwaka wa kuanguka unamrudisha nyuma darasani. Ila hakikisha kwanza dawa zilinywewa kweli. Nimeona watoto waliokosa fenobabitoni wiki mbili kwa sababu zahanati imeishiwa, na mwingine aliyefika kilo 20 akiwa bado kwenye dozi ya kilo 12. Hapo dawa haijashindwa, sisi ndio tumeshindwa.

Kitu ninachokisisitiza kuliko vyote ni video. Baba mmoja, mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, alituambia mwanawe "anaanguka tu". Kwenye simu yake tuliona kidole gumba cha kulia kikirukaruka peke yake, kisha mdomo ukavutwa kulia, ndipo mwili mzima ukafuata. Kidole kile kilituelekeza upande wa kushoto wa ubongo. EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, ya nusu saa ingeweza kupita bila kuona kitu. Kwa hiyo mwambie mzazi: rekodi tangu mwanzo, funua blanketi, mulika uso na mikono, mwite jina usikie kama anaitika. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Zikipita dakika 5, acha simu, mkimbize hospitali.

Beba kadi ya kliniki, kwa sababu watauliza kama alilia alipozaliwa, kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Beba picha zenyewe za vipimo, si majibu ya karatasi peke yake. Mambo ya bima au ustawi wa jamii yamalizwe hapa hospitali ya Kitete kabla ya kukata tiketi.

Iwe hospitali ya Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam, safari ni ndefu, na kukosa usingizi huamsha kifafa. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiende buti ya basi. Wapo wanaoziacha makusudi ili mtoto aanguke mbele ya daktari. Hilo ni hatari, linaweza kuleta degedege lisilokatika.

Nywele zifumuliwe na zioshwe, zisipakwe mafuta, kwa ajili ya EEG. Kwenye MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo, hakiingii chuma chochote, hata pini ya hirizi. Ongea na bibi mapema, kwa heshima: itavuliwa mlangoni na mtoto atavalishwa tena akitoka.