X220, X230 au X240: namna ya kuzitofautisha ThinkPad hizi kabla hujalipa

ThinkPad ni kompyuta za mkononi za Lenovo. Zikiwa zimefunikwa mezani, X220 ya mwaka 2011, X230 ya 2012 na X240 ya 2013 hufanana kama ndugu: nyeusi, ndogo, skrini ya inchi 12.5. Ndani ni mashine tofauti. Kagua kwanza vile usivyoweza kubadilisha. RAM (kumbukumbu ya kazi) na diski utanunua baadaye.

Prosesa imelehemiwa kwenye mazabodi katika zote tatu, kwa hiyo utakayoikuta ndiyo yako. Washa, bonyeza F1 mfululizo hadi BIOS (programu ya mipangilio inayoanza kabla ya mfumo endeshi) ifunguke, usome jina lake. Kwa mfano, Core i5-2520M ni ya X220, i5-3320M ya X230, i5-4300U ya X240. Angalia herufi ya mwisho: M hutumia wati 35, U wati 15. X240 hukaa na chaji vizuri, ila kwenye kazi nzito ya muda mrefu X230 huweza kuipita ingawa ni ya zamani zaidi.

Kisha skrini. Fungua ukurasa mweupe wenye picha, lalisha skrini kwa nyuma na uitazame kutokea chini. Rangi zikigeuka, nyeupe ikawa kijivu na nyuso zikawa kama negativu, hiyo ni TN, aina ya skrini ya bei nafuu. Zikitulia, ni IPS, aina iliyo bora, na inafaa kuongeza pesa kwa ajili yake. Kioo cha IPS cha X220 huingia kwenye X230. Kwa X240 hakiingii, maana waya wake ni wa aina nyingine.

RAM ndiyo inayowakwamisha wengi. X220 na X230 zina sloti mbili, jumla GB 16. X240 ina sloti moja tu, na inataka DDR3L, aina ya RAM ya volti 1.35, ukichomeka ya zamani ya volti 1.5 haitawaka. RAM ya kasi ya 1600 MHz ukiiweka kwenye X220 hufanya kazi, ila kwa kasi ya 1333.

Diski iwe na unene wa milimita 7. Ya 9.5 haipiti, usiilazimishe. X220 na X230 zina pia sloti ya mSATA (ya diski ndogo ya SSD) chini ya sehemu ya kuegemeza viganja, lakini kasi yake ni nusu ya ile ya nafasi kuu, basi mfumo endeshi uweke kwenye diski kuu.

Kibodi ya X220 ina safu saba, na kwa anayeandika kutwa hakuna inayoizidi. X230 ina safu sita, baadhi ya X230 zina taa chini ya vitufe, na zote zina matundu mawili ya USB 3.0 ya bluu. X220 hupata USB 3.0 kwenye zenye prosesa ya i7 pekee.

Ukibadilisha kadi ya Wi-Fi kwenye X220 au X230 na kompyuta ikasimama na ujumbe namba 1802, kadi haijafa: BIOS imeikataa kwa kuwa haimo kwenye orodha yake. X230 hukataa pia kuchaji betri zisizo halisi, hivyo ichaji mbele ya muuzaji. Chaja ya X220 na X230 ni moja, volti 20 yenye pini ya duara. Ya X240 ni ya mstatili.

Kabla ya kufungua X240 toa betri ya nje, na ile ya ndani izime kwanza kupitia BIOS.