Kitenge kitoe nje kwanza
Ukienda soko la Majengo au Sabasaba hapa Dodoma kutafuta kitenge, usiiamini taa ya dukani. Omba utoke nacho mlangoni, kiweke chini ya kidevu, halafu uliyeongozana naye atazame uso wako, siyo kitambaa. Rangi inayokukubali hung'arisha ngozi. Isiyokukubali hukufanya uonekane hujalala. Mimi ni maji ya kunde, na rangi ya haradali inanikaa kuliko pinki niliyoing'ang'ania miaka. Maua makubwa, mwambie fundi asiyaangushe pale usipotaka macho ya watu yatue. Nyeupe tupu? Kwa vumbi na upepo wa Dodoma, labda ya kanisani. Na kama si mtu wa mbwembwe, mikono ya puto waachie wengine, hata fundi akisisitiza.