Jinsi ya kuanza kujifunza sayansi jinai ukiwa Bukavu, bila maabara

Mtu anapokutwa amekufa ndani ya nyumba huko Kadutu, au duka linapovunjwa usiku karibu na soko, mambo hufuatana kwa namna ambayo kila mkaaji wa Bukavu anaifahamu. Mayowe hupigwa, majirani hujaa, mwenye huruma humfunika marehemu kwa kitenge chake, mwingine humwaga maji sakafuni ili watoto wasione damu, na wa tatu huokota kisu na kumwonyesha kila anayefika. Shefu wa avenyu anapofika, na baada yake OPJ, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, mahali pale pamebaki na nyayo za majirani hamsini, na za yule mmoja aliyekimbia zimekwisha kufutwa. Hakuna aliyetenda kwa nia mbaya, na ndiyo maana jambo hili linaweza kufundishwa.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanafunzi wa sheria au wa tiba, kiongozi wa mtaa, mwandishi wa habari, au yeyote anayetaka kuingia katika sayansi jinai, yaani matumizi ya kemia, tiba, fizikia na elimu ya viumbe katika kujibu maswali yanayoulizwa mahakamani. Njia ninayoipendekeza ni kujifunza historia yake kwa mikono: usome jinsi mbinu ilivyopatikana, kisha uijaribu kwa vitu vilivyomo nyumbani. Mbinu nyingi za fani hii zilizaliwa baada ya ushahidi fulani kuharibika au mahakama kukosea, na anayeijua kasoro iliyoizaa mbinu hataitumia kama uganga.

Tafuta daftari lenye kurasa zilizoshonwa, kalamu ya wino, utepe wa kupimia, lenzi, brashi laini ya kupakia poda usoni, skochi (utepe wa kubandikia), tamponi ya wino wa muhuri, na bahasha za karatasi. Karatasi za kuchomoa hazifai, kwa kuwa ukurasa unaoweza kutoka bila kuacha dalili hauaminiki mbele ya hakimu.

Macho kwanza

Mwaka 1247, hakimu wa China aitwaye Song Ci aliandika kitabu cha kuwaongoza maofisa waliochunguza vifo. Ndani yake mna kisa cha mtu aliyeuawa kwa mundu kijijini. Mchunguzi aliwaamuru wanakijiji wote walete miundu yao na kuilaza chini. Nzi wakatua juu ya mundu mmoja tu, wakivutwa na mabaki ya damu ambayo jicho la mtu halikuyaona, na mwenye mundu akakiri. Nakipenda kisa hiki kwa sababu mchunguzi hakumpiga mtu. Alipanga vitu chini, akanyamaza, akatazama.

Fanya vivyo hivyo. Simama kwenye mlango wa chumba kimoja cha nyumbani kwako, mikono ikiwa nyuma, na kwa dakika kumi uandike unachokiona bila kuingia. Ukiandika "mtu alikaa hapa akinywa chai", futa kwa mstari mmoja unaosomeka, kisha uandike "kikombe kimoja juu ya meza, kimebaki na chai, ni baridi", kwa maana la kwanza ni hukumu na la pili ni jambo lililoonekana. Baada ya hapo chora ramani ya chumba, na kila kitu ukipime umbali wake kutoka sehemu mbili zisizosogea, kwa mfano kona ya ukuta na mwimo wa mlango. Mwombe mtu wa nyumbani ahamishe vitu vitatu usipokuwapo, nawe uvitafute kwa kutumia daftari lako pekee. Wengi hushindwa mara ya kwanza, hata wale wanaojisifu kuwa na kumbukumbu kali.

Sumu, na ushahidi unaooza

Katika misiba mingi ya kwetu neno karuho, yaani sumu ya kulishwa kwa siri, halikosekani midomoni. Mtu akifa ghafla baada ya kula kwa jirani, jina la jirani huanza kutajwa kabla maiti haijazikwa, na mara nyingine mawe hufuata. Ulaya nayo iliwahi kuishi hivyo kuhusu aseniki, sumu isiyo na harufu ambayo dalili zake zilifanana na za kuhara kwa kawaida.

Mwanzoni mwa miaka ya 1830, mkemia Mwingereza James Marsh aliitwa kuchunguza kahawa ya mzee aliyesemekana kuuawa na mjukuu wake. Aliipata aseniki kwa namna ya mashapo ya njano, lakini hadi siku ya kuyaonyesha mahakamani mashapo yale yalikuwa yameharibika, wazee wa baraza hawakusadiki, na kijana akaachiliwa. Marsh hakulala juu ya aibu ile. Mwaka 1836 alitangaza kipimo kipya kilichoigeuza aseniki kuwa gesi, na gesi hiyo ikipashwa moto huacha juu ya kioo doa jeusi linalong'aa, ambalo linaweza kuhifadhiwa na kuonyeshwa. Miaka minne baadaye, huko Tulle nchini Ufaransa, wataalamu wa mji walipata majibu yanayopingana juu ya kifo cha mume wa Marie Lafarge, hata ikabidi Mathieu Orfila, bingwa wa elimu ya sumu, aitwe kutoka Paris. Orfila aliikuta aseniki mwilini, na pia alionyesha kwamba haikutoka katika udongo uliolizunguka jeneza wala katika dawa zake mwenyewe za kupimia. Jambo hili la pili ndilo la kulishika: kipimo bila kipimo cha kulinganishia ni uvumi uliovaa koti jeupe.

Hapa hakuna zoezi, kwa kuwa sumu si kitu cha kuchezea. Mtu akishukiwa kulishwa sumu, apelekwe hospitali upesi kabla ya jambo jingine lolote. Mabaki ya chakula na matapishi yawekwe katika vyombo safi vya kioo vyenye vifuniko, kila kimoja peke yake, mahali pa baridi, vikiandikwa saa na jina la aliyeviweka. Uji ukishukiwa, hifadhi pia unga ambao haujapikwa na maji ya ndoo ile ile. Bila hivyo hakuna atakayejua kama kilichopatikana katika uji kiliongezwa au kilikuwamo tangu mwanzo.

Alama za vidole

Mwaka 1882 Alphonse Bertillon alianza kuwapima wafungwa wa Paris urefu wa mkono, upana wa kichwa na viungo vingine, ili aliyewahi kufungwa asijifiche kwa jina jipya. Kazi yake ilistahili heshima, ila vipimo vya mwili havibaki juu ya mlango. Alama ya kidole hubaki. William Herschel, mtawala Mwingereza huko Bengal, alikwisha kuwawekesha watu alama za mkono kwenye mikataba tangu 1858, na mwaka 1892 mambo mawili yalikutana: Francis Galton alichapisha utafiti wake juu ya mistari ya vidole, na huko Necochea, Argentina, watoto wawili wakauawa. Mama yao alimshtaki jirani. Mpelelezi Eduardo Álvarez, aliyekuwa amefunzwa mbinu ya Juan Vucetich ya kupanga na kulinganisha alama za vidole, aliona alama ya kidole yenye damu kwenye mlango, akakikata kipande hicho cha ubao na kuondoka nacho. Alama ilikuwa ya gumba la mama mwenyewe, naye akakiri. Jirani asiye na hatia aliokolewa na msumeno.

Sisi sote tuliojiandikisha kupiga kura tumewahi kutoa vidole vyetu, sasa vitazame. Paka kidole wino wa tamponi, kiviringishe kwenye karatasi nyeupe kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi mwingine, bila kukandamiza. Utaona mojawapo ya sura tatu: kitanzi, ambacho ndicho cha kawaida zaidi, mzunguko, au tao. Sura peke yake haitoshi. Tafuta kwa lenzi mahali mstari unapokatika na mahali unapogawanyika mara mbili.

Kisha futa glasi vizuri, pitisha kidole kwenye paji la uso, na ukibonyeze kwenye glasi. Saga makala, yaani makaa ya kupikia, yawe laini kabisa na uyachuje kwa kitambaa, au kwangua unga wa kalamu ya risasi (lugha yetu ina mzaha wake, kuipa kalamu na bunduki neno moja). Chovya brashi kidogo, ukung'ute, na uipitishe juu ya alama kama unayepangusa jicho la mtoto. Unga ukizidi mistari huzibika, na hakuna kurudi nyuma. Bandika skochi, ivute kwa mwendo mmoja, ibandike kwenye karatasi nyeupe, na uandike papo hapo tarehe, saa, mahali na jina lako. Rudia kwenye chupa, beseni la plastiki, simu, na ubao usiopigwa randa. Ubao utakuangusha, nalo ni somo kubwa katika mji ambao nyumba zake nyingi ni za mbao: kwenye kufuli na kioo kuna matumaini zaidi kuliko ukutani.

Nyayo zilizo nje zina adui mmoja hapa kwetu, nayo ni mvua. Funika unyayo kwa beseni lililopinduliwa bila kugusa kingo zake, na uweke jiwe juu. Zaidi ya hapo usifanye kitu.

Udongo wa Bukavu na udongo wa Goma

Mwaka 1909 Rodolphe Archibald Reiss alifungua katika Chuo Kikuu cha Lausanne shule ya kwanza ya fani hii, na mwaka uliofuata Edmond Locard akapewa vyumba viwili vya darini katika jumba la mahakama la Lyon, akavigeuza kuwa maabara ya polisi. Locard ndiye tunayemkumbuka kwa fikra kwamba vitu viwili vikigusana, kila kimoja humwachia mwenzake kitu. Kabla yake, mwaka 1904, Georg Popp wa Frankfurt alikuwa amekwisha kusoma matabaka mawili ya udongo kwenye suruali ya mshukiwa: la chini lililingana na mahali mwili ulipokutwa, la juu na njia ya kuelekea nyumbani kwake.

Sisi wa Kivu tumebahatika kwa zoezi hili. Udongo wa vilima vyetu ni mfinyanzi mwekundu unaong'ang'ania kiatu, ilhali kule Goma mtu hukanyaga mchanga mweusi na kokoto za lava ya Nyiragongo, mlima uliomwaga moto mjini mwaka 2002 na tena 2021. Mwombe anayerudi kwa boti akukung'utie viatu vyake juu ya karatasi. Kausha udongo huo pamoja na wa ua wako na wa ufuo wa ziwa, utazame kwa lenzi, upitishe sumaku ya spika mbovu iliyofungwa ndani ya mfuko, kisha ukoroge kila mmoja katika glasi ya maji na usubiri hadi kesho yake uone unavyotulia. Andika tofauti zote. Lakini jihadhari: udongo husema kiatu kilikofika, hausemi nani alikuwa amekivaa siku hiyo.

Kufunga, kuandika, kukabidhi

Sehemu hii haina msisimko, na kesi nyingi hufia hapa. Kitu chenye damu au unyevu hakiwekwi kwenye mfuko wa plastiki, kwa maana hutota, huota ukungu, na vinasaba (DNA) huharibika; kiache kikauke kivulini, kisha kitie katika bahasha ya karatasi, kitu kimoja bahasha moja. Juu ya bahasha andika ni nini, kilipatikana wapi, lini, na nani. Kila mkono unaokipokea uandike jina, saa na saini. Pakikosekana saini moja, wakili wa upande wa pili atauliza kilikuwa kwa nani usiku ule, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Kwa mtu wa kawaida, haya yote ni mazoezi ya nyumbani. Penye uhalifu wa kweli kazi yako ni kuzuia watu, kuandika nani aliingia na nani aligusa nini, na kumpa OPJ daftari. Usiokote kitu, isipokuwa kile ambacho mvua au moto ungekiharibu.

Aliyebakwa hashughulikiwi kama eneo la tukio. Anastahili matibabu kwanza, na afike hospitali ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU huhitaji kuanzwa ndani ya muda huo. Ikiwezekana asioge kwanza, na nguo zake ziwekwe kwenye karatasi, lakini aliyekwisha kuoga aende vilevile. Sheria ya Kongo ya Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inamtaka mwendesha mashtaka au hakimu amwite daktari na mwanasaikolojia bila kungoja kuombwa. Kukubali au kukataa kuchukuliwa vipimo ni juu yake mwenyewe, na jamaa anayemlazimisha anamjeruhi mara ya pili.

Ukurasa wa yasiyolingana

Bertillon, yule wa vipimo, alisimama katika kesi ya Dreyfus, afisa wa jeshi la Ufaransa aliyeshtakiwa uhaini, kama mjuzi wa mwandiko, fani isiyo yake, akasaidia kumtia hatiani mtu asiye na kosa. Mwaka 2004, baada ya milipuko ya treni za Madrid, FBI ilimkamata wakili mmoja wa Oregon kwa alama ya kidole ambayo polisi wa Hispania walikuja kuithibitisha kuwa ya mtu mwingine. FBI ikaomba radhi. Alama zilifanana sana, na wachunguzi waliziona tofauti wakazitafutia udhuru.

Vinasaba vilianza kwa kinyume cha hayo. Alec Jeffreys aligundua njia ya kuvisoma huko Leicester mwezi wa Septemba 1984, na polisi walipomletea kesi ya wasichana wawili waliouawa, walikuwa na kijana wa miaka 17 aliyekwisha kukiri mauaji ya mmoja wao. Kipimo kilionyesha kwamba muuaji alikuwa mmoja kwa wote wawili, na kwamba hakuwa kijana huyo. Wanaume kwa maelfu wakaombwa damu. Colin Pitchfork akamtuma mwenzake wa kazini atoe kwa niaba yake, mwenzake akayasema hayo baa, na Januari 1988 Pitchfork akahukumiwa.

Kwa hiyo mwishoni mwa daftari lako acha kurasa kadhaa, na katika kila zoezi uandike huko kila kisicholingana na ulivyodhani. Kisha mpe mtu mwingine alama zako za vidole bila majina, azilinganishe upya, na usimwambie wewe ulipata nini.