Namna ya Kuchukua na Kupima Tope la Mto Sabaki

Mvua za masika zinapokolea huko bara, Mto Sabaki huteremka ukiwa mwekundu, na bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo. Anayetaka kujua tope hilo limebeba nini asianze na mashine, aanze na mto wenyewe. Maji yake hutoka nyanda za juu karibu na Nairobi, hupita kando ya lava ya kale ya Uwanda wa Yatta, na kwa njia ya Mto Tsavo hupokea yale yanayotoka katika miamba ya volkano ya Chyulu na Kilimanjaro. Miamba ya namna hiyo ina chuma na titani nyingi kwa asili yake, kwa hiyo wingi wa madini hayo katika tope la Malindi si ushahidi wa uchafuzi.

Chagua siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa, na ufuatane na mvuvi anayelijua eneo, maana mlangoni mwa mto mna viboko na mamba. Tumia kijiko cha plastiki kilichooshwa vizuri, kwa kuwa koleo la chuma huweza kuacha kromi na nikeli yake katika sampuli, nawe ukaja kuulaumu mto bure. Chota sentimita 2 za juu tu, ambazo ndizo tope jipya, kutoka sehemu tano zilizo karibu karibu, kisha uzichanganye. Tia tope katika mfuko, mfuko huo uutie ndani ya wa pili, na uandike jina la mahali kwa penseli kwenye karatasi iliyo ndani ya huo wa pili, kwani wino hutoka ukilowa. Ufukweni Mambrui, ambako mchanga hung'aa na mawimbi hupanga mistari myeusi ya madini mazito, pawe na uangalifu zaidi: anayechota mstari mweusi peke yake atapata titani ya ajabu, na aliyesimama hatua mbili kutoka hapo aione kidogo tu.

Unahitaji pia tope la kale la kulinganishia. Didimiza bomba la plastiki katika matope ya mikoko na uchukue tabaka za chini, ila umri wake uthibitishwe, kwa mfano kwa kupima risasi-210, aina ya risasi yenye mnururisho inayopungua kadiri miaka inavyopita. Jambo hili si dogo, kwani matumbawe ya Malindi yanaonyesha bariamu, inayoletwa baharini na udongo wa mto, ikipanda tangu mwanzoni mwa karne ya 20, mmomonyoko ulipozidi bara; tabaka la miaka hamsini iliyopita, basi, halifai kuitwa hali ya asili.

Maabarani, kausha kwa joto lisilozidi nyuzi 40 ikiwa utapima zebaki, kisha chekecha kwa wavu wa nailoni wenye matundu ya maikromita 63. Sampuli yenye vipande vya kombe na matumbawe ichomwe kwanza kwa nyuzi 550 ili mabaki ya viumbe yaishe, halafu kwa nyuzi 950; uzito unaopotea safari ya pili, ukizidishwa kwa 2.27, hukupa takriban kiasi cha chokaa kilichoizimua sampuli.

Mashine ya eksirei hupima tope likiwa kavu, lote kwa jumla. Mchanganyiko wa tindikali ya haidrokloriki na ya nitriki, kwa upande wake, hauyeyushi madini yote ya silika, hivyo aluminiamu na titani hutoka pungufu, na namba za njia hizi mbili zisiwekwe katika jedwali moja. Tindikali ya haidrofloriki huyeyusha karibu kila kitu, lakini hupenya ngozi hadi mfupa. Aiguse aliyefunzwa tu. Katika kila sampuli 20, weka moja tupu isiyo na tope, moja iliyorudiwa, na moja ya kiwango kilichothibitishwa, yaani ambayo kiasi chake cha madini kinajulikana tayari.

Mwisho, gawanya kila namba kwa aluminiamu, ambayo hufuata wingi wa mfinyanzi. Tuseme tope jipya lina zinki miligramu 120 kwa kilo na aluminiamu asilimia 8, na la kale lina 90 na asilimia 6. Ukigawanya, zote mbili ni 15: zinki haikuongezwa na mtu, ni mfinyanzi uliozidi. Uwiano wa jipya ukifika mara tatu ya ule wa kale, hapo panda na mto, kijito kwa kijito, ukichota tope la kila kimoja hadi mahali namba inaposhuka.