Somo: Kusimamisha shauri la hebiasi kopasi Marekani hadi njia za jimbo ziishe

Hebiasi kopasi ni ombi la mfungwa kutaka mahakama ichunguze kama kifungo chake ni halali. Somo linamhusu mfungwa wa jimbo mwenye ombi hilo mahakama ya shirikisho chini ya kifungu cha 2254 cha sheria za Marekani, huku baadhi ya hoja zake hazijafika mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Tangu Rose dhidi ya Lundy, uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1982, ombi la mchanganyiko huo hufutwa. Kufutwa si tatizo kubwa, tatizo ni siku. Sheria ya 1996 (AEDPA) inatoa mwaka mmoja wa kufungua ombi la shirikisho, na Duncan dhidi ya Walker, 2001, ilisema ombi la shirikisho halisimamishi mwaka huo. Ukifutiwa baada ya miezi 14, umefungiwa nje. Ndiyo maana unaomba shauri lisimamishwe, lisifutwe, wakati unamaliza hoja jimboni.

Hatua ya 1: Hesabu siku. Kama hukwenda Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka huanza siku 90 baada ya mahakama ya juu ya jimbo kumaliza rufaa. Ukifungua ombi jimboni siku 300 zikiwa zimeshapita, hesabu inasimama. Jimbo likimaliza, unaendelea na 65 zilizobaki. Wengi hudhani wanaanza upya.

Hatua ya 2: Fungua ombi jimboni sasa, usisubiri amri ya shirikisho ya kusimamisha shauri. Likipelekwa nje ya muda wa jimbo, halisimamishi chochote. Kila hoja itaje haki ya Katiba ya Marekani iliyovunjwa. "Sikutendewa haki" pekee haitoshi.

Hatua ya 3: Omba shauri lisimamishwe. Rhines dhidi ya Weber, 2005, inadai mambo matatu: sababu ya msingi ya kutokwenda jimboni mapema, hoja zenye uzito, na kwamba hukuchelewesha makusudi. Wengi hukwama kwenye la kwanza. "Sikujua sheria" mara nyingi hutupwa. Nyaraka zilizofichwa na upande wa mashtaka zina nguvu zaidi. Ambatisha hati ya kiapo yenye tarehe, na nakala ya ombi la jimbo yenye muhuri.

Hatua ya 4: Soma amri neno kwa neno. Rhines ilitaja siku 30 za kwenda jimboni na 30 za kurudi. Ukizipitisha, amri inaweza kuondolewa.

Swali: Wakuu, hoja zote hazijapita jimboni. Inawezekana?
Jibu: Mzunguko wa 9 (mahakama ya rufaa ya shirikisho ya eneo moja la nchi) umekubali, Mena dhidi ya Long, 2016. Angalia mzunguko wako kwanza.

Swali: Jaji akikataa je?
Jibu: Mkuu, omba kuondoa hoja ambazo hazijapita jimboni, ubaki na zilizopita. Ukitaka kuzirudisha mwaka ukiwa umeisha, lazima zitokane na matukio yaleyale ya hoja zilizobaki: Mayle dhidi ya Felix, 2005.

Swali: Posta ya gereza inachelewa mno. Inahesabiwa tarehe ipi?
Jibu: Shirikisho huhesabu siku uliyoikabidhi kwenye mfumo wa barua wa gereza. Andika tamko la tarehe hiyo na kwamba stempu ililipiwa. Kwa ombi la jimbo, fuata kanuni ya jimbo lenyewe. Si yote yanayohesabu hivyo.