Kidole si mausi: kuiweka sawa programu ya Biblia kwenye skrini ya mguso

Mzee mmoja wa kanisa huku Kisauni aliniletea tableti yake ya Windows. "Mwanangu, hiki kitu kimerogwa. Nikigusa Yohana, kinanifungulia Luka." Hakikurogwa. Orodha ya vitabu ilikuwa imebanana kama abiria wa feri ya Likoni saa kumi na moja jioni, na kidole chake kilifunika majina matatu kwa mpigo. Programu kama e-Sword na theWord zilizaliwa enzi za mausi, ambayo ncha yake ni kidoa tu. Fanya hivi kabla ya kununua kifaa kipya.

Hatua ya 1. Chukua rula ya mtoto wa shule upime kitufe kwenye skrini. Mwongozo wa Android unataka kitufe kisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha vitu vya kwenye skrini), yaani milimita 9 hivi. Kikiwa na milimita 4, usimlaumu mzee.

Hatua ya 2. Kuza kila kitu, si herufi peke yake. Hapa ndipo wengi hukosea. Android ina mipangilio miwili tofauti: ukubwa wa fonti, na ukubwa wa onyesho. Ukigusa ule wa kwanza tu, aya zitanenepa lakini vitufe vitabaki vilevile. Kwenye Windows, ingia Mipangilio, Mfumo, kisha Onyesho, upandishe asilimia kutoka 100 hadi 125 au 150. Funga programu uifungue upya. Maandishi yakionekana na ukungu, toka kwenye akaunti yako uingie tena.

Hatua ya 3. Jifunze kuishi bila kuelea. Ukiwa na mausi, unapitisha mshale juu ya namba ya Strong (namba iliyopewa kila neno la asili la Kiebrania au Kigiriki), tuseme G25 katika Yohana 3:16, na maana ya neno la Kigiriki inachomoza yenyewe. Kidole hakielei: ama kimegusa, ama hakijagusa. Basi acha dirisha la kamusi wazi pembeni, gusa namba mara moja, usome huko. Menyu ya kubofya kulia unaipata kwa kubonyeza na kushikilia kidogo. Hayo yakikushinda, chomeka mausi. Wapo wanaoona ni aibu kutumia mausi na tableti; mimi sioni.

Hatua ya 4. Punguza madirisha. Skrini ya inchi 10 ikilazwa inabeba mawili: Biblia na kamusi, au Biblia na ufafanuzi. Inchi 7, moja tu.

Hatua ya 5. Acha kusukuma ukurasa. Zaburi 119 ina mistari 176; ukiisukuma kwa dole gumba, likiteleza kidogo upande, programu nyingi zinadhani unataka sura nyingine, na mhubiri keshakuacha. Zima kufungua sura kwa kupangusa kama programu inaruhusu. Kisha zoea kuchagua kitabu, sura na mstari kutoka kwenye vibao vya namba. AndBible, ambayo ni ya bure kwenye Android, inafanya hivyo vizuri.

Hatua ya 6 ni ya sisi watu wa pwani. Skrini hizi hutambua kidole kwa sababu mwili hupitisha umeme, na jasho nalo hupitisha umeme. Mwezi wa tatu, feni ikiwa mbali, tone moja linatosha kufungua kitabu usichokitaka. Weka kitambaa kikavu ndani ya kava. Na mahamri yaliwe baada ya mafundisho, tafadhali.

Mwisho, jaribu kwa Filemoni, maana kimebanwa kati ya Tito na Waebrania. Mwenye kifaa, si wewe, akifungue mara tatu mfululizo. Mzee wangu kwenye 150 bado aliangukia Tito, tukapanda hadi 175. Sasa orodha haienei yote kwenye skrini na inambidi aisukume kidogo, lakini Luka hamsumbui tena.