Kusoma ukiwa na kalamu: zoezi la ukurasa mmoja kwa mwandishi wa hadithi

Vijana wanaoanza kutunga huniuliza wasome vitabu vingapi. Nilipokuwa na umri wao nilimaliza riwaya moja kila wiki, na uandishi wangu haukusogea hata kidogo. Hadithi niliyoipeleka kwa mhariri mmoja ilirudi ikiwa na neno lilelile pembeni mara nne: "Onyesha." Ilinichukua karibu miaka miwili kumwelewa. Kilichonisaidia ni zoezi la Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 18, ambalo nimelifanya kwa Kiswahili kwa miaka mingi na bado nalifanya.

Franklin alikuwa kijana anayejifunza kazi katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake mjini Boston. Baba yake aliziona barua alizokuwa akiandikiana na rafiki yake, akamweleza wazi: tahajia yako ni nzuri, lakini lugha haina mvuto, mpangilio wala uwazi. Kijana akaona mzee amesema kweli. Akapata juzuu moja la The Spectator, gazeti la London, akawa analifanyia mazoezi usiku baada ya kazi na asubuhi kabla ya kazi.

Hatua ya 1: Chagua aya moja

Ichukue kwenye kitabu unachokipenda kwa dhati, hata kama hakimo katika orodha ya shule. Kiwe kimetungwa kwa Kiswahili. Tafsiri ziache kwanza, maana hutajua unajifunza kwa mtunzi au kwa mfasiri. Isome aya kwa sauti mara mbili.

Hatua ya 2: Toa dondoo, kisha funga kitabu

Kila sentensi iandikie maneno mawili matatu tu. Kisha kiweke kitabu mbali kwa siku nne. Usifupishe siku hizo. Ukirudi kesho yake utakuwa bado unakumbuka maneno ya mwenzio, na zoezi litageuka imla.

Hatua ya 3: Andika upya, halafu linganisha

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Tuseme aya ni hii, niliyoitunga kwa ajili ya somo:

"Alifungua kibanda kabla ya adhana. Akawasha jiko, akakanda unga wa maandazi huku akiimba. Macho yake yakaangukia kiti cha mumewe. Akanyamaza."

Dondoo: kibanda alfajiri; jiko, unga, wimbo; kiti; kimya. Baada ya siku nne, wanafunzi wangu wengi huandika hivi: "Alfajiri alifungua kibanda, akaanza kazi huku akiimba, lakini alipokiona kiti alisikitika sana kwa kumkumbuka mumewe."

Ziweke aya mbili sambamba, pigia mstari kila palipotofautiana. Utaona neno "alisikitika" limeingia bila kuitwa. Aya ya kwanza haikutaja huzuni popote. Wimbo umekatika tu, na msomaji akaelewa. Utaona pia kwamba sentensi ya mwisho ilikuwa neno moja, nasi tumeizamisha ndani ya sentensi ndefu. Hapo ndipo nilipomwelewa yule mhariri. Tofauti hizi ziandike kwenye daftari kwa maneno yako mwenyewe. Baada ya aya kumi utagundua kosa moja linalojirudia kila mahali, na hilo ndilo la kulifanyia kazi kwanza.

Usidhani kila tofauti ni kosa. Pengine umempita mtunzi katika sentensi moja. Franklin naye mara nyingine aliona hivyo, na ikampa moyo.

Hatua ya 4: Igeuze aya kuwa shairi

Franklin aligeuza nathari kuwa shairi kwa sababu mizani humlazimisha mtu kutafuta maneno yenye maana ileile lakini urefu tofauti. Sisi kwa hili tumebarikiwa, kwa kuwa tarbia tunayo: mishororo minne, kila mmoja mizani 16, minane kwa minane, na vina vya kati na vya mwisho. Aya ile nikaifanya hivi:

Kibanda akafungua, adhana haijalia,
Unga wake kachukua, wimbo akijiimbia,
Mara jicho kainua, kitini akatupia,
Hayupo akatambua, sauti ikafifia.

"Kimya" ni mizani miwili, "akanyamaza" ni mitano. Nilihitaji minane yenye kina cha -ia, nikahangaika karibu saa nzima na kamusi mkononi mpaka "sauti ikafifia" ikaja. Bila shairi nisingeitafuta. Shaaban Robert alitunga mashairi na nathari maisha yake yote, na ukiisoma nathari yake kwa sauti unasikia pumzi za mshairi. Siamini kwamba hilo lilitokea kwa bahati.

Hatua ya 5: Rudisha shairi kwenye nathari

Subiri wiki moja au zaidi, mpaka uisahau aya ya awali. Lirudishe shairi kuwa nathari na ulinganishe tena. Ubeti wangu haukupata nafasi ya jiko. Niliporudisha, nikagundua kwamba jiko ndilo lililokuwa likitoa joto la mandhari yote.

Hatua ya 6: Changanya dondoo

Ziandike dondoo kwenye vikaratasi, zichanganye, uzipange upya baada ya wiki kadhaa bila kutazama kitabu. Hii inafundisha mpangilio, nami naipendekeza hasa kwa wanaoandika insha.

Kuhusu muda

Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi. Uandishi ulikaa pembeni mwa ajira. Mimi hutumia nusu saa ya alfajiri, siku nne kwa wiki. Wiki ikipotea kwa msiba au ugonjwa, narudi kwenye aya ileile niliyoiacha, sianzi kitabu kipya. Kuanza upya kila mara ndiko kulikonipotezea miaka.

Ukifikisha aya ya kumi, toa hadithi yako ya zamani kabatini. Chagua ukurasa wake mmoja, utolee dondoo, ufunge siku nne, uuandike upya bila kuuchungulia. Mimi ile iliyorudishwa niliifanyia hivyo. Kati ya kurasa saba zilibaki nne, na mhariri yuleyule akaichapisha.